Kampuni ya Taranti Ilivyoingia Gilgil

Stesheni ya Reli,
Sanduku la Posta 7,
Gilgil.
14 Septemba 1958

Mpendwa shemeji yangu Nyongesa,

Najua utakapoona mwandiko huu utaugeuzageuza ukidhani umekosea barua. Hukukosea. Ni mimi, Owino, mume wa dada yako. Miaka yote hii Nanyama ndiye aliyekuandikia, na leo ameniachia kalamu. Ameketi hapa kando yangu akichambua maharage na kunikumbusha ninayoyasahau.

U hali gani huko mgodini Kilembe? Kifua kimepoa? Dada yako anasema mtu anayeshinda ndani ya mlima akivuta vumbi la mawe lazima anywe maziwa kila siku, na ameniamuru niliandike hilo kabla ya lingine lolote. Nimeliandika.

Sisi tu wazima. Jino lililonitesa tangu Pasaka liling'olewa Nakuru, na sasa natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Watoto wadogo walishikwa na surua mwezi wa saba, wote wawili kwa pamoja, ikapita bila kuacha alama. Mvua mwaka huu imekuwa nyingi mno. Kule Kikopey watu wanalia kwamba kwato za ng'ombe zinaoza kwa matope.

Sasa nikueleze habari iliyonifanya nikae chini niandike.

Unaikumbuka Gilgil uliyoiacha. Stesheni, posta, maduka machache ya Wahindi, hoteli ya Wazungu, kambi ya askari kule juu, na upepo. Kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa tangi la maji la reli. Basi mwaka jana mwishoni, Bwana Kapila, mkubwa wetu wa stesheni, aliniambia kwamba Kampuni ya Taranti itahamisha ofisi zake zote kutoka Nairobi kuja hapa. Nilicheka. Taranti ndio wanaonunua pareto, sufu na ngozi nchi nzima, mpaka Tanganyika. Nikamwuliza Bwana Kapila, waje Gilgil kufanya nini, kuhesabu swala? Akasema pareto ya Kinangop na sufu ya mashamba yetu ndiyo mali yao, na wamechoka kuiangalia kwa mbali.

Shemeji, sikuwahi kuona watu wengi namna ile wakifanya kazi moja. Mafundi mawe walifika mwezi wa kumi na mbili, wakachonga mawe toka alfajiri, na ukuta ukapanda kila siku mpaka ukapita tangi letu la maji. Ghorofa mbili juu ya ile ya chini! Madirisha yake ni kioo toka pembe hii mpaka pembe ile, na jua likielekea upande wa Mau nyumba nzima huwaka kama mkaa. Watu walikuwa wakitoka mashambani Jumapili baada ya kanisa, wanasimama tu barabarani wakitazama. Mimi mwenyewe nilisimama.

Dada yako hakusimama. Alisogeza hoteli yake ya mabati hatua hamsini, akaiweka mkabala na mlango wa mafundi, akawapikia wote chai na maharage.

Mwezi wa tano ofisi yenyewe ikaja. Ilikuja kwa mabehewa ishirini na sita. Nilijua idadi kwa sababu mimi ndiye niliyegeuza reli kuyaingiza yadi. Ndani mlikuwa na meza za mbao nzito, makabati ya chuma, na mashine za taipu zilizofungwa katika mablanketi kama watoto wachanga. Kulikuwa na saa ya ukutani inayonizidi kimo. Vilishushwa kwa siku nne, na siku zote nne mvua ilinyesha.

Behewa la mwisho lilikuwa na kitu kimoja tu. Kasha la chuma jeusi, lenye mlango kama wa nyumba, ambalo wao huliita sefu. Karani mmoja aliniambia uzito wake ni tani saba. Nilipiga hesabu nikaona ni kama maksai kumi na saba waliofungwa pamoja. Nikamwuliza mnaweka nini ndani yake. Akasema, "Karatasi." Mpaka leo nalifikiria neno hilo.

Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini. Sefu ilipandishwa juu ya gari fupi la magurudumu mengi, ikavutwa na trekta kutoka yadi kwenda kwenye jengo. Ili kufika huko lazima uvuke reli kubwa, pale barabara inapoikatiza. Na hapo ndipo ardhi ilipokataa. Magurudumu ya nyuma yalididimia kando ya reli, ekseli ikavunjika kwa mlio nilioufahamu kabla sijageuka, na sefu ikakaa pale juu ya njia ya gari la moshi, imeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza.

Trekta likavuta. Mnyororo ukakatika, ukapita juu ya vichwa vya watu ukapiga nguzo. Mungu ni mkubwa, hakuna aliyeguswa.

Bwana Kapila alitoka ofisini mbio, uso umekauka. Gari la abiria la kutoka Kampala lilikuwa limeshaondoka Elmenteita, stesheni iliyo kabla ya yetu. Ishara ya kulisimamisha ilikuwa imewekwa, lakini ukungu ule ulikuwa hauonyeshi hata kidole chako, na pale kwenye kona dereva asingeiona ishara mpaka aifikie. Akaniambia maneno mawili tu: "Owino, kimbia."

Nilichukua bendera nyekundu na zile baruti ndogo za reli, bapa kama kopo la rangi ya viatu. Zinafungwa juu ya chuma, na gari likizikanyaga hulipuka kama bunduki, dereva akajua kuna hatari mbele. Nikakimbia, shemeji. Mimi ni mtu wa miaka arobaini na minne. Nilikimbia juu ya mataruma yanayoteleza, nikaanguka mara mbili, na nilikuwa nikiwaza kwamba ndani ya gari lile kuna akina mama na watoto wao waliolala, kutoka Kisumu, kutoka Bungoma, pengine watu ninaowajua. Nilipoona nimekwenda mbali vya kutosha nikafunga baruti ya kwanza, nikatembea hatua kumi, nikafunga ya pili, kisha ya tatu. Chuma kilikuwa kimeanza kutetemeka chini ya mikono yangu.

Nililisikia kabla sijaliona. Halafu likatokea ndani ya ukungu, kubwa kuliko nilivyowahi kuliona, maana siku zote nimelitazama nikiwa kando, siyo mbele yake. Nikapunga bendera, nikaruka mtaroni. Baruti zikalia, moja, mbili, tatu. Breki zikapiga kelele mpaka meno yakaniuma. Likasimama.

Dereva, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe, alitoa kichwa. "Kuna nini?"

"Sefu," nikasema. Pumzi ilikuwa imekwisha.

"Sefu gani?"

"Sefu ya Taranti. Iko juu ya reli."

Alinitazama kama mtu anayenusa pombe. Kisha akaniambia nitangulie na bendera, naye atanifuata polepole. Ndivyo tulivyoingia Gilgil, mimi mbele kwa miguu, na gari zima la Kampala likinifuata kama ng'ombe anayerudi boma.

Lakini kilichokuwa kinatendeka pale barabarani sikukijua, na hapa naandika niliyoambiwa na watu zaidi ya kumi.

Wakati wanaume wakibishana kuhusu minyororo, dada yako alikuwa ameondoka. Mle hotelini mwake alikuwa ameketi mzee mmoja, jina lake Kang'ethe, mwendesha maksai wa shamba moja la upande wa Kinangop. Ni mtu wa maneno machache. Alirudi huku mwaka jana tu, pasi yake ya ruhusa mfukoni, baada ya ile miaka ya Hali ya Hatari, ya kufukuzwa na kuzuiwa, unayoijua. Asubuhi ile alikuwa ameleta magunia ya pareto kwa maksai kumi na sita. Nanyama alimwondolea kikombe mkononi.

"Mzee," akamwambia, "chai utamaliza baadaye. Mume wangu yuko kwenye reli."

Kang'ethe alisimama, akaenda kuwafungua maksai wake kwenye mkokoteni.

Nilipofika na gari, tulisimama kama hatua mia kutoka kwenye sefu. Abiria wakaanza kushuka. Wa daraja la kwanza, wa pili, wa tatu, Wazungu na Wahindi na sisi, wote wakaja kusimama katika mvua ile ile, bila mtu kumwambia mwingine asogee kule. Maksai walikuwa tayari wamefungwa, jozi nane katika mstari mmoja. Bwana Mero, ndiye mkubwa wa Taranti, alikuwa hana kofia, na matope yamemfika magotini. Watu wote walikuwa wakipiga kelele, kila mtu na ushauri wake.

Kang'ethe akamwendea. "Ng'ombe hawataki kelele," akasema. "Wewe ambia watu wote wanyamaze."

Bwana Mero akainua mkono. Na watu, shemeji, watu labda mia tatu, wakanyamaza. Nilisikia mvua ikidondoka kwenye kofia za watu. Nilisikia gari la moshi likipumua nyuma yangu.

Kang'ethe hakuinua kiboko. Alikwenda mbele kabisa akaanza kuwaita maksai kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayeamsha wageni. Kila aliyeitwa aliinamisha shingo. Alipofika wa mwisho mnyororo ulikuwa umenyooka kama chuma kimoja. Wakavuta. Hakuna kilichosogea. Wakavuta, magoti yakikaribia kugusa tope, mvuke ukipanda mgongoni mwao, na kwa muda mrefu ilionekana kama picha tu. Nilikuwa nikisali bila kujua. Halafu ardhi ikatoa sauti, sijui nikufananishie na nini, kama mzee anayeinuka kitini. Sefu ikatikisika. Ikatoka hatua moja. Ikatoka hatua ya pili. Ikavuka reli.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa daraja la tatu alianza kulia tu, na yule shemeji yako wa zamani mwenye kiburi, yaani huyu Owino unayemjua, naye akalia. Nanyama akaja akaniangalia viatu, nilikuwa nimebaki na kimoja. Alinishika mkono mbele ya Wazungu wote wale.

Siku ya pili yake Bwana Mero alikuja mwenyewe hotelini. Akainama kuupita mlango wa mabati, akaketi kwenye benchi, akanywa chai katika kikombe cha bati. Tulikuwako watatu, mimi, Nanyama na Kang'ethe. Akasema kwa Kiswahili chao kile, "Nyinyi tatu nataka nini?"

Mimi nilitazama chini. Kang'ethe akasema anataka barua. Mke wake, Wachuka, amezuiwa Nyeri, hana ruhusa ya kuja huku, na hawajaonana tangu mwaka hamsini na tatu. Bwana Mero aliandika kwa Bwana DC siku ile ile, na akaandika tena alipokosa jibu. Mwezi wa saba Wachuka alishuka hapa stesheni na kikapu kimoja. Mimi ndiye niliyempokea kikapu. Kang'ethe alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa na hakuweza kutembea kuja alipokuwa mkewe. Yule mama alitembea yeye.

Kisha Bwana Mero akamgeukia dada yako. Nanyama alikuwa amesimama na birika mkononi.

"Nina binti," Nanyama akasema. "Amemaliza darasa la nane Butere. Anajua Kiingereza, Kiswahili, Kijaluo na Kibukusu, na Kikuyu cha sokoni. Mpe kazi ya kutumia mdomo wake. Si ya kufagia."

Nilishtuka. Hatukuwa tumezungumza jambo hilo.

Na hapa, Nyongesa, lazima kalamu yangu ipite mahali nimekuwa nikipakwepa.

Mwanzoni mwa mwaka hamsini na nne, binti yetu Achola alipokuwa amemaliza darasa la nne, mimi nilisema inatosha, abaki amsaidie mama yake. Wewe ulikuwa likizo. Ulikataa. Ulisema mtoto huyu ana kichwa na haki yake ni kitabu, ukamchukua kwa mkono ukampeleka Butere mwenyewe kwa gari la moshi. Nami nilikwambia, mbele ya watu, pale jukwaani, kwamba mtu asiye na mtoto asimfundishe mwenye watoto. Niliona uso wako. Niliona na wa mke wako, Jepkoech. Gari likaondoka, na tangu siku ile sikukuandikia hata mstari. Kosa si lenu. Lilikuwa langu, na bado ni langu.

Kampuni ilimwita Achola mwezi wa nane. Mama mmoja wa Kizungu, Memsahib Holisi, ndiye anayesimamia simu za jengo lote. Alisema hajawahi kumkalisha msichana Mwafrika kwenye ubao ule wa kuunganishia simu, lakini wakulima wanaopiga simu wanataka kusikia lugha nyingi, na yeye anajua moja na nusu. Atamjaribu juma moja. Kabla ya kuanza, Achola alikaa juma zima nyumbani, akila kidogo, midomo ikitembea. Nilidhani ana homa. Kumbe anajifunza kwa moyo majina ya mashamba yote ya Bonde la Ufa na nambari zake.

Nilipata ruhusa ya kuingia mara moja, nikipeleka hati za mizigo. Nikafunguliwa mlango nikaona chumba cha mashine za taipu arobaini zikilia pamoja kama mvua ya mawe juu ya mabati, na mbele yake, nyuma ya kioo, mtoto wangu. Ubao una mashimo mengi kama mzinga, na taa ndogo. Taa ikiwaka anachomeka kamba, anasema maneno mawili, anachomoa, anachomeka kwingine. Mikono yake haikusita. Mtu wa Molo anazungumza na mtu wa Nairobi kwa sababu Achola amewaunganisha. Nilivua kofia. Sikujua kwa nini nimeivua.

Memsahib alimwajiri siku ya sita.

Sijui mji huu utakuwa nini. Vyumba havipatikani tena, makarani wa Nairobi wamejaa, sukari imekuwa ya kupangia foleni. Wengine wanasema Taranti watatumeza. Labda. Wengine wanauliza kama mji utabaki wetu, nami huwajibu, ulikuwa wetu lini? Ninachojua ni nilichokiona.

Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, Bwana Kapila alituma mtu atuite mimi na Nanyama ofisini kwake upesi. Tulidhani kuna ajali. Akatuonyesha simu iliyo mezani, mkono wa kusikilizia umelazwa kando. "Ni yenu," akasema.

Nanyama alifungua aproni yake, akaikunja, akafuta mikono, ndipo akaushika ule mkono wa simu. Akauweka sikioni. Mimi nilisogeza kichwa changu karibu na chake. Tukasikia sauti ya mtu mzima, imenyooka, ikitaja jina la Kampuni kwa Kiingereza. Kisha ikalegea. "Mama. Ni mimi. Baba yupo?"

Dada yako alifungua mdomo mara mbili. Unamjua, si mtu wa kukosa maneno. Mwisho akasema, "Umekula?"

"Nimekula, Mama."

Basi. Akanikabidhi ule mkono wa simu, akaenda kusimama dirishani, mgongo wake ukitutazama, mpaka alipoweza kugeuka.

Shemeji, sauti ile wewe ndiye uliyeipeleka Butere. Kwa hiyo nina ombi. Achola amemwomba Memsahib, na Memsahib amekubali mara moja tu, saa ya chakula. Achola ataita Nairobi, Nairobi wataita Kampala, na Kampala watatafuta Posta ya Kasese, iliyo karibu nawe. Nenda ukasimame hapo Jumamosi tarehe 11 Oktoba, saa saba mchana. Nenda na Jepkoech. Ataanza mtoto, halafu nitazungumza mimi. Samahani nimekwisha kuiandika hapo juu, lakini neno kama lile nililitoa kwa mdomo, na kwa mdomo nataka kulifuta, ninyi wawili mkinisikia.

Nisalimie Jepkoech kwa heshima. Nanyama anamtumia salamu za peke yake, anasema atazielewa. Mpe salamu pia ndugu yako Wafula akipita huko. Watoto wanakuamkia wewe, mjomba wao. Mungu akulinde uingiapo katika mlima huo na akutoe salama kila jioni.

Nangoja Jumamosi hiyo, mimi shemeji yako akupendaye, ingawa nilichelewa kukwambia,

Zakayo Owino